"Mwachie Mungu" Si Ruhusa ya Kunyamaza



Maneno hukumu, hakimu na mahakama yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Nakukumbusha hilo kwa sababu hapa Mocímboa da Praia neno la kwanza husikika kila siku, ilhali mawili yaliyobaki husahauliwa. Aliyepoteza mwana au nyumba huambiwa: "Mwachie Mungu, Yeye ndiye atakayehukumu." Imani hiyo ni ya kweli, nami Mkristo naishika. Ninachokipinga ni matumizi yake.

Tarehe 5 Oktoba 2017 wenye silaha waliuvamia mji huu. Agosti 2020 waliuteka, nao haukukombolewa hadi Agosti 2021. Waliua kwa jina la Mungu, wakajitwalia kiti cha hukumu kisichokuwa chao. Lakini upo wizi wa pili, ulio wa kimyakimya. Mwenye mamlaka, aliye na faili na mahakama mkononi mwake, anapomwambia mjane angoje Siku ya Mwisho, humfanya Mungu kuwa pazia la kujifichia. Huko Palma, jirani zetu, mwanahabari wa redio ya jamii Ibraimo Mbaruco alitoweka tarehe 7 Aprili 2020, baada ya kuarifu kwamba amezingirwa na wanajeshi. Je, swali la mahali alipo tuwaachie malaika walijibu?

Fungua Biblia, kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alipolitwaa shamba la mizabibu la Nabothi, aliyeuawa kwa ushahidi wa uongo, Mungu hakungoja kiyama. Alimtuma Eliya akamkabili mfalme mle mle shambani. Eliya alithubutu kwa kuwa alijua kwamba juu ya mfalme yupo Mfalme mwingine.

Askofu Luiz Fernando Lisboa wa Pemba naye aliyataja hadharani mateso ya Cabo Delgado. Alishutumiwa kwa hilo, na mwaka 2021 akahamishiwa Brazili. Je, alisema kwa kuwa hakuiamini hukumu ya Mungu? La! Alisema kwa kuwa aliiamini.

Utanijibu kwamba mahakama za dunia hupotoka. Ni kweli, na ndiyo sababu tumaini letu halikomei kwazo. Dhalimu aliyehonga kila hakimu bado hajamhonga wa mwisho. Wahenga walisema: Mungu si Athumani. Hata hivyo, siku hiyo dhalimu hatahojiwa peke yake. Nasi tulioona tutaulizwa tulisema nini, na tulimwambia nani.

Basi, mwanafunzi wangu, unapojifunza kuandika, jifunze pia kushuhudia: nini kilitendeka, lini, wapi, na nani aliyepaswa kuzuia. Kisha sali. Aliyekwisha kutoa ushahidi wake ndiye mwenye haki ya kusema, "Namwachia Mungu."