CHEMCHEMI HAILINDWI KWA AMRI YA OFISINI

Ndugu wafanyakazi,

Wako watu wanaouliza: Chama cha wafanyakazi kina habari gani na chemchemi na vinamasi vya Kisii na Nyamira? Kazi ya Chama ni mishahara, wasema, miti waachiwe watu wa misitu. Sisi twajibu hivi. Mtu akichuma chai Kericho, au akilisha moto wa kiwanda huko Nyamira, mkewe na watoto wake wako nyumbani, nao ndio waendao na mtungi. Chemchemi ya karibu ikikauka, saa mbili za kutafuta maji ni saa mbili za kazi isiyolipwa na mtu yeyote. Hiyo ni habari ya Chama.

Jambo lenyewe mwalijua. Kando ya mito na ndani ya vinamasi vyetu imejaa mikaratusi, ile tunayoiita blugamu, mti wa asili ya Australia. Hukua upesi, na kwa kukua upesi hunywa maji mengi. Mahali pengine kinamasi kimechimbwa udongo wa matofali hata yakabaki mashimo tu. Na kinamasi si ardhi ya bure. Ndicho kinachoyazuia maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mto Gucha hutoka vilima vya Kiabonyoru, ukapita kwetu, ukashuka Migori na kuingia Ziwa Victoria. Tukiviharibu vinamasi vya juu, sisi twapata ukame, na jirani zetu wa Nyatike kule chini wapata mafuriko.

Mabwana wa maofisini wana jibu lao: ati raia ni mjinga, hajui kutunza. Hilo twalikataa kabisa. Kabla ya hati za mashamba, chemchemi ya Abagusii haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilikuwa ya majirani wote waliokunywa pale, nao walitoka pamoja kuisafisha, kama walivyotoka kulimiana mashamba kwa risaga. Nyasi za kuezekea zilitoka kinamasini, udongo wa vyungu ulitoka kinamasini, ng'ombe walilishwa huko wakati wa jua kali, na kinamasi kilibaki kinamasi. Aliyevunja desturi aliitwa mbele ya wazee na kujibu mbele ya watu waliomjua. Huo ulikuwa utawala, ingawa haukuwa na faili wala muhuri.

Basi ni nani aliyeuvunja? Kwanza serikali ya kikoloni, iliyoweka machifu wa kutii Bwana DC badala ya majirani. Kisha ikaja hati. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1963 mashamba yaliandikishwa kwa jina la mtu mmoja mmoja; na kwetu shamba ni mkanda unaoanza juu ya kilima na kushuka hadi mtoni. Hivyo kinamasi cha watu wote kikakatwa vipande, kila kipande na mwenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Na mfanyakazi aliye mbali hawezi kupalilia. Hupanda mti usiotaka jembe, auuze nguzo na kuni alipe karo. Ndugu, mshahara mdogo nao umeshika jembe katika kuipanda mikaratusi ile!

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iondolewe mitoni na penye chemchemi. Nia ilikuwa njema. Lakini amri ilitoka Nairobi, na majirani wa chemchemi hawakupewa kazi ya kuisimamia. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kisikini. Afisa huja siku moja akarudi mjini. Kisiki kiko pale kila siku. Ni nani atakayekiona kikichipua ila jirani?

Mwaka huo huo wa 2009, mama mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alichunguza malisho ya milimani Uswisi na mifereji ya maji ya Hispania na Ufilipino, akaonyesha kwamba watu wanaotumia mali kwa pamoja waweza kuitawala wenyewe miaka mingi, wakijiwekea kanuni, wakichagua walinzi wao, na kutoza faini ndogo kwanza, kubwa baadaye. Wazee wetu wasingeshangaa. Wala mwanachama hashangai, maana hivyo ndivyo Chama kinavyokwenda.

Sheria hata sasa iko upande wetu. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 chaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira, na kuhifadhi maarifa ya jamii juu ya viumbe na mimea. Sheria ya Maji ya 2016 yatambua vyama vya watumiaji wa maji. Lakini mwaijua kanuni ya kazini: sheria isiyo na watu nyuma yake ni karatasi ukutani.

Hatusemi mikaratusi yote ing'olewe. Mtu maskini hawezi kuambiwa akate karo ya mtoto wake bila kupewa kitu kingine. Mti huo na upandwe mlimani, penye mawe, mbali na maji. Wala hatusemi turudi kwa wazee wanaume peke yao. Anayeteka maji ndiye ajuaye chemchemi ilipungua lini, naye mara nyingi ni mwanamke.

Basi twadai haya:

(1) Kila chemchemi na kinamasi viwe na kamati ya majirani waliochaguliwa, wanawake wakiwamo, yenye uwezo wa kuweka kanuni na faini.

(2) Serikali za Kisii na Nyamira zitoe miche ya miti ya kienyeji na malipo kwa wanaong'oa mikaratusi kando ya maji.

(3) Viwanda vya chai, vinavyokausha majani kwa moto wa kuni, vikatae kuni zilizokatwa kinamasini, na vipande miti yao mahali panapofaa.

(4) Mishahara ipande, mtu asilazimike kuuza maji ya watoto wake kwa bei ya nguzo.

Kila mwanachama aendapo likizo nyumbani aitishe majirani wa chemchemi yake, hata wakiwa kumi tu. Chama hiki nacho kilianza kwa wachache waliokubali kukaa pamoja.

Umoja ni nguvu!