Betri ya N200 Ndiyo Inayomfilisi Dereva

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Tunduma uulize betri ya sola. Hujamaliza kueleza shida yako, ushauri umeshatoka: chukua N200, betri ya maji ya risasi na tindikali. Ni nzito, inabebwa na watu wawili, na uzito huo ndio unaotolewa kama ushahidi wa ubora. Lithiamu, utaambiwa, ni ya wenye fedha zao, halafu inalipuka. Mafundi wanalirudia hilo, madereva wanaambiana kwenye foleni, na matajiri wenye malori wanaliamini kwa sababu linawapunguzia matumizi ya leo. Mimi nasema si kweli, na wanaoumizwa zaidi na imani hii ni watu wa kipato kidogo, wale wale inaodai kuwahurumia.

Nianze na dereva wa lori, maana hakuna anayelipa zaidi kuliko yeye. Barabara ya TANZAM inatoka Dar es Salaam na kuingia Zambia hapa Tunduma baada ya zaidi ya kilomita mia tisa. Mizigo ya Ndola, Lubumbashi na Kolwezi inapita hapa. Shaba na kobalti zinazoteremka kwenda bandarini nazo zinapita hapa. Oktoba 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Tunduma na Nakonde, na kazi ya nyaraka ikawa nyepesi kuliko zamani. Hata hivyo mtandao ukikwama upande mmoja, au karatasi za mzigo zikichelewa, malori yanajipanga hadi kuelekea Mpemba na dereva anakaa kusubiri. Gesti haendi, kwa kuwa mzigo hauachwi peke yake. Kabini inakuwa chumba cha kulala, jiko na sebule kwa siku kadhaa mfululizo.

Kwenye lango hilohilo wanapita watalii wanaoivuka Afrika kwa magari yenye vitanda ndani. Juu ya paa wamefunga paneli, chini ya godoro wameweka betri ya lithiamu, na hakuna anayewashangaa. Dereva wetu analala ndani ya gari usiku mwingi zaidi kuliko wao, mwaka hadi mwaka, na ndiye anayeambiwa kwamba betri ile haimhusu.

Mahitaji yake si makubwa. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa inakula kama wati 45 inapounguruma, na kwa kuwa haiungurumi muda wote, kwa siku nzima inatumia wati-saa mia nne hivi. Feni ya usiku, simu mbili, taa na televisheni ndogo vinaongeza mia mbili na hamsini au mia tatu. Jumla ni kama wati-saa mia saba. Paneli ya wati 200 iliyofungwa juu ya kabini inarudisha kiasi hicho katika siku ya jua la kiangazi, kati ya Mei na Oktoba. Kwa hiyo mfumo mzima unategemea chombo kimoja tu, yaani kile kinachopokea umeme wa mchana na kuutoa usiku.

N200 haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ni betri ya kuwasha injini. Ndani yake mna bamba nyingi nyembamba za risasi zilizopangwa ili zitoe umeme mkubwa kwa sekunde chache, kisha alteneta izijaze tena papo hapo. Ukiifanya ikulishe friji usiku kucha, unaiharibu. Kwenye karatasi ina wati-saa 2,400. Fundi mwaminifu atakwambia usivuke nusu, yaani 1,200, la sivyo inachakaa upesi. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, ambayo ni nusu ya N200 kwa jina, ina wati-saa 1,280 na inakuruhusu kutumia zaidi ya elfu moja kila usiku bila kuumia. Hiyo ya pili ina kilo kumi na moja au kumi na mbili. N200 inakaribia kilo hamsini. Kilo hizo nyingi ni risasi na tindikali, na nusu ya umeme wake huruhusiwi kuugusa.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa ndiko imani hii inakojificha. Kila anayesema lithiamu ni ghali anaisoma bei iliyobandikwa dukani na kuishia hapo. Tuihurumie N200 kuliko inavyostahili: tuseme itavumilia kutumiwa hadi nusu na kujazwa tena mara 300. Itakuwa imekupa kama uniti 360 za umeme (uniti moja ni wati-saa elfu moja) katika maisha yake yote, yaani miezi kumi ya matumizi ya kila siku. Kwa lithiamu tufanye ukali, tuchukue mizunguko 2,000 tu, ingawa watengenezaji wengi wanataja elfu tatu na zaidi, na tuhesabu uniti moja kila mzunguko. Hizo ni uniti 2,000, zaidi ya miaka mitano. Ili ufikie hapo kwa N200 utakuwa umenunua betri sita. Hata lithiamu ikiuzwa mara mbili ya bei ya N200, mwenye N200 amelipa mara tatu ya mwenzake. Na hapo sijahesabu maji ya betri, nauli ya kuibeba, mboga na nyama zilizooza betri ilipozima saa tisa usiku, wala siku ambayo lori liligoma kuwaka.

Siku hiyo kila dereva anaijua. Wengi hawana betri ya pembeni kabisa. Wanavuta umeme kwenye betri za lori lenyewe. Lori linatumia volti 24, yaani betri mbili zilizoungwa kwa kufuatana, lakini redio na chaja ni za volti 12. Fundi wa haraka anaziunga kwenye betri moja tu. Hiyo moja inazidi kudhoofika wakati mwenzake inapokea chaji kupita kiasi, kwa sababu alteneta inaona jumla ya zote mbili na haijui ipi ina njaa. Baada ya muda zote zinakufa. Foleni inasogea, lori haliwaki, dereva anakimbia kuomba moto kwa lori la jirani huku waliomfuata nyuma wanapiga honi. Gharama ya namna hiyo haiandikwi popote, na tajiri akiulizwa atasema tu kwamba betri za siku hizi ni feki.

Msimu wa mvua unazidisha hasara. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu yanakaa juu ya Mbozi na Ileje, na paneli inatoa kidogo. Betri ya risasi inataka kujazwa hadi mwisho kila mara. Ikibaki nusu kwa siku kadhaa, salfeti inaganda kwenye bamba na uwezo wake hauponi. Tena robo yake ya mwisho inajaa polepole, saa baada ya saa, hata kama jua ni kali. Kwa hiyo katika miezi ambayo jua ni la kuvizia, betri hii haijai. Lithiamu inapokea chochote kinachokuja, kwa kasi, karibu mpaka ijae, na ukiiacha nusu kwa wiki nzima haidhuriki. Kwa mkulima wa kahawa wa Mlowo mwenye sola nyumbani hoja ni ileile. Wenzetu wa Nakonde walilazimika kujifunza hayo kwa uchungu mwaka 2024, ukame ulipoteremsha maji ya bwawa la umeme la Kariba na umeme wa Zambia ukakatika kwa saa nyingi kila siku.

Inabaki hofu ya mlipuko. Ina chanzo cha kweli, lakini imeelekezwa kwa mtuhumiwa asiye sahihi. Betri zinazojulikana kwa kuwaka moto, za simu, kompyuta mpakato na baadhi ya pikipiki za umeme, kwa kawaida ni za familia yenye kobalti. Betri za sola zinazofaa ni za lithiamu iliyochanganywa na chuma na fosfeti. Kwenye boksi zimeandikwa LiFePO4. Mchanganyiko huo ulitoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990, na mwaka 2019 yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Fosfeti inashika oksijeni kwa nguvu, kwa hiyo betri ikipata joto kupita kiasi si rahisi ijilishe moto yenyewe. Haina maana kwamba haiwezi kabisa kuungua. Ni kwamba kuifananisha na simu iliyovimba ni kutojua kilichomo ndani. Kobalti yote inayopita mbele ya macho yetu kwenda Dar es Salaam haina nafasi katika betri hii.   

Wanaoogopa mlipuko wa lithiamu wanalala na betri ya maji ndani ya kabini bila wasiwasi. Betri ya maji inapochajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja, na dereva anachemsha chai kwa jiko la gesi hatua moja kutoka hapo, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi ya Juni. Pembeni yake, kwenye foleni hiyohiyo, kuna lori la mafuta. Moto ninaouogopa mimi ni wa waya mwembamba uliopitishwa chini ya kapeti bila fyuzi, na huo haujali betri ni ya aina gani. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kila betri, bila mjadala.

Na betri ya risasi ikishakufa inakwenda wapi? Inauzwa kama chakavu, na mahali pengine inayeyushwa katikati ya makazi ya watu. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulipata kiwanda cha kuyeyusha betri mwaka 2007. Watoto na watu wazima wakakutwa na sumu ya risasi mwilini. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake alidhurika, aliongoza mapambano hadi kikafungwa mwaka 2014, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka uliofuata. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya vuta nikuvute ya rufaa Mahakama ya Juu iliirejesha tuzo hiyo Desemba 2024. Anayenunua N200 sita badala ya lithiamu moja anaongeza mzigo wa betri sita za risasi unaotafuta pa kwenda. Lithiamu nayo itahitaji pa kutupwa, lakini haina risasi.

Malalamiko ya haki yapo, na anayeuza lithiamu kwa kuyaficha anaharibu jina lake. Kwanza, lori liendelee kuwaka kwa betri zake za risasi. Kazi ile zinaiweza. Pili, watu wanasema lithiamu inazima ghafla. Ni kweli: volti zake hazishuki polepole kama za risasi, zinasimama palepale hadi karibu na mwisho, kisha saketi ya ulinzi iliyo ndani inakata. Dereva aliyezoea kusoma volti anadhani ametapeliwa. Dawa yake ni kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Tatu, kontrola (kidhibiti chaji cha paneli) ya zamani iliyowekwa kwa ajili ya betri za maji inaweza kupandisha volti zaidi ya 15, ambazo lithiamu haizitaki. Kontrola lazima iwe na mpangilio wa lithiamu. Usiiunge moja kwa moja na alteneta pia, kwa sababu inavuta umeme kwa pupa na alteneta inaweza kuungua. Katikati kiwekwe chaja maalumu. Na isichajiwe ikiwa imeganda kwa baridi chini ya nyuzi sifuri. Tunduma hatufiki huko, lakini anayelala nyanda za Makete wakati wa barafu ya asubuhi ajue.

Halafu kuna uongo wa sokoni. Betri za ampea-saa 100 zenye seli zilizochokonolewa kutoka kompyuta zilizokufa zinauzwa zikiwa zimevalishwa boksi jipya. Tazama namba: ya chuma na fosfeti inaandikwa volti 12.8, au 25.6 kwa mfumo wa 24. Ukiona 11.1, ni ya familia nyingine. Kisha ipime kwenye mizani ya duka la nafaka. Seli halisi za ampea-saa 100 zinafika kilo nane hivi bila boksi, basi betri nzima yenye kilo sita ni ya kurudishwa hapohapo. Hapa tu ndipo uzito unapofaa kuulizwa. Shirika la Viwango, TBS, lingefanya kazi ya maana kama lingepita madukani Tunduma na kufungua maboksi mawili matatu mbele ya wateja.

Wenye malori hawana kisingizio. Tairi wanainunua kwa hesabu ya kilomita, na wanajua ile ya bei ya chini inayopasuka kwenye mlima wa Kitonga imewagharimu kuliko ya bei ya juu. Hesabu hiyohiyo waifanye kwenye betri, kisha mfumo wa kabini uwe kifaa cha gari kama jeki na pembetatu, ulipiwe na kampuni, usikatwe kwenye posho ya dereva. Madereva walipeleke hili kwenye vyama vyao wanapojadili mikataba. Wanaonunua wenyewe waunde kikundi, wachangishane, wanunue moja moja kwa zamu, kama wanavyochangiana misiba na harusi.

Na muuzaji atakaposema lithiamu si ya mtu kama wewe, mwombe aandike kwenye risiti kwamba N200 yake italisha friji kila usiku kwa miaka mitano, na kwamba ikifa kabla ya hapo atakurudishia fedha.