Kabla ya Kitabu cha Ubatizo, Muulize Gogo

Kila wiki naona video za Waingereza wakitafuta mababu zao, na wasee wetu kwa komenti wanauliza: sasa sisi tutaanzia wapi? Wenzetu wametangulia mbali. Mwaka wa 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Leo mtu amelala tu kitandani Leeds, anafungua simu, anasoma jina la babu wa babu wa babu yake.

Hapa Silibwet vitabu viko pia. Misheni ya Tenwek iko hapo karibu tangu enzi za mkoloni, na makanisa yetu yalirithi hiyo tabia ya kuandika. Shida ni kwamba ukikimbilia kitabu kwanza, utapotea.

Chukua gogo wangu, shosho kwa nyinyi wa Nairobi. Kwa kitabu ni Esta. Nyumbani hakuna mtu humwita Esta. Ni Chebet, maana alizaliwa mchana, na Chebet wamejaa kila kijiji. Jina linalomuunganisha na ukoo ni la kurenet: akina mama walitaja majina ya waliokufa, moja moja, hadi mtoto akapiga chafya. Karani gani aliandika hilo? Hata tarehe ni hivyo hivyo. Wazee wengi hapa, kitambulisho kinasema walizaliwa Januari 1. Kwani wote walikuja siku moja? Ukitaka kukaribia ukweli uliza rika: babu alitahiriwa na Chumo, Sawe ama Korongoro?

Lakini gogo naye huchanganya miaka, na kuna watu hapendi kuwataja. Hapo ndipo kitabu kinaingia: siku ya ubatizo, majina ya wazazi, na mabinti wote.

Hao mabinti ndio wananifanya nipige kelele. Babu akifa, familia inaketi kuorodhesha warithi, na ghafla shangazi walioolewa hawako kwa orodha. Katiba ya 2010 haijawatoa, ni sisi tumewatoa. Mstari mmoja wa kitabu cha kanisa unaweza kuwarudisha.

Halafu kuna ile ardhi kubwa. Watalai walihamishwa hadi Gwassi kwa sheria ya 1934, na Wakipsigis wengi walifukuzwa kwa mashamba ambayo leo ni majani chai. Mwaka wa 2022 malalamiko yao yalifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Siku moja ukiulizwa wewe ni wa nani, na babu yako alitolewa wapi, utaonyesha nini? Picha za Instagram?

Kwa hivyo likizo hii washa simu, mrekodi gogo akiongea Kipsigis chake, usimkatize. Ukishapata majina yote anayojua, nenda kwa mchungaji. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiposti kurasa, maana humo mna siri za watoto wa watu wengine.

Mimi nimebakisha shangazi wawili, mmoja Longisa, mwingine Sotik. Yule wa Sotik ndiye anajua mambo mengi, na yeye ndiye mkali.