Hotirodi Zilikuwa Programu Huria Kabla ya Tarakilishi

Sisi tunaoandika programu tuna tabia ya kuamini kwamba utamaduni wa kufungua kazi ya mtu mwingine, kuiboresha na kuwaonyesha wenzako ulivyofanya ulianzia kwetu, kwenye tarakilishi za vyuo vikuu vya Marekani. Mimi siamini. Ulikuwapo tayari California miaka ya 1930, mikononi mwa vijana wenye spana, Ford kuukuu na ziwa lililokauka la kukimbizia. Magari yao yaliitwa hotirodi. Ninaandika haya leo kwa sababu nikitazama yanayoyapata magari mapya, naona ugomvi tuliokwisha kuuona kwenye programu ukihamia huko, na safari hii anayeweza kushindwa ni yule kijana mwenye spana.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia mambo haya: hotirodi ni gari la zamani, mara nyingi Ford ya mwisho wa miaka ya 1920 au mwanzo wa 1930, lililovuliwa madgadi na kila kisichohitajika, kisha likawekwa injini kali kuliko ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Gari la misuli ni kitu kingine. Hilo kiwanda chenyewe kilichukua bodi ya wastani kikaipa injini kubwa. Watu wengi huhesabu kuanzia Pontiac GTO ya 1964, na kisa chake kitamfurahisha mwanaprogramu yeyote. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na sheria kwamba magari ya ukubwa ule yasipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, John DeLorean akiwa mmoja wao, walikuwa na injini ya inchi 389. Basi hawakutangaza gari jipya. Waliandika GTO kama vifaa vya ziada ambavyo mnunuzi wa Pontiac Tempest angeweza kuchagua, na sheria ilikuwa haisemi lolote kuhusu vifaa vya ziada. Walitarajia kuuza magari kama 5,000. Mwaka huo yaliuzwa 32,450. Ukiwahi kuficha kipengele kipya ndani ya faili ya mipangilio ili bosi asikione mapema, wewe na hao ni ndugu :-)

Turudi California. Kwa nini Ford? Si kwa sababu lilikuwa gari bora. Kati ya 1908 na 1927 Ford ilitengeneza Model T zaidi ya milioni 15, kwa hiyo vyuma vyake vilikuwa kila mahali na bei yake ilikuwa ya kutupa. Kisha mwaka 1932 Henry Ford akatoa injini ya silinda 8 zenye umbo la V, lita 3.6, nguvu za farasi 65, kwa gari la mtu wa kawaida. Miaka michache baadaye injini hizo zilikuwa zimejaa kwenye yadi za vyuma chakavu. Kijana alinunua moja, akaiingiza kwenye bodi nyepesi ya miaka iliyotangulia, akaenda Muroc, ziwa kavu lililoko jangwani kaskazini mwa Los Angeles, kupimwa mwendo. Mwaka 1937 vilabu vya huko viliungana wakaunda chama kimoja, SCTA, ili kuwe na saa moja ya kuaminika na kanuni moja. Zingatia hilo. Kabla ya chama kila mtu alikuwa na maneno yake. Baada ya chama ulikuwa na namba yako.

Na walitumia walichokipata. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, kulikuwa na matangi ya ziada ya mafuta yaliyokuwa yakifungwa chini ya ndege za kivita. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi kama hilo, lenye umbo la tone, akalifanya bodi ya gari la mbio. Hakukuwa na duka la kuuza bodi za namna hiyo. Stuart Hilborn alijitengenezea mfumo wa kuingiza mafuta kwenye Ford V8, na mwaka 1948 akawa wa kwanza kupita maili 150 kwa saa kwenye maziwa yale. Vic Edelbrock aliyekuwa na gereji alianza kuuza manifoldi alizobuni kwa ajili ya gari lake mwenyewe. Yaani mtu anakwaruzwa na tatizo lake, analitatua, wenzake wanataka, anaanza kuwauzia. Januari 1948 likatoka toleo la kwanza la jarida la Hot Rod, na maarifa yaliyokuwa ya gereji chache yakamfikia kijana wa Ohio ambaye hajawahi kuliona ziwa kavu.

Sasa naja kwa hati ninayoiona kuwa muhimu kuliko gari lolote katika historia hii. Desemba 1953 mhandisi aliyeitwa Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Ubelgiji, mwenye miezi michache tu ndani ya General Motors, aliwaandikia wakubwa wake waraka kuhusu vijana, hotirodi na Chevrolet. Hoja yake ilikuwa hivi: ukifungua majarida ya vijana hawa unakutana na Ford mwanzo hadi mwisho. Vijana wanaoanza na Ford wanakua wakinunua Ford. Chevrolet ilikuwa inaandaa injini mpya ya V8, lakini Duntov alionya kwamba hata ikiwa bora, ubora peke yake hautawahamisha watu ambao tayari wana vipuri, ujuzi na marafiki upande wa pili. Dawa aliyopendekeza ni kampuni yenyewe itengeneze vipuri vya kuongeza nguvu na kuviweka mahali ambapo kijana yeyote anaweza kuvinunua.

Someni tena aya hiyo mkiweka neno "jukwaa" mahali pa "injini". Mwaka 1953! Makampuni ya programu yalihitaji miongo kadhaa kufika hapo.

Injini hiyo ya Chevrolet ilitoka kwa magari ya 1955, inchi za ujazo 265, na kufikia mwaka 2011 kampuni ilikuwa imetengeneza milioni 100 za ukoo huo. Ilikuwa nyepesi na rahisi, ndiyo, lakini kilichoipa maisha marefu kwa mafundi wa mitaani ni jambo ambalo halionekani kwenye picha. Matundu ya bolti pale injini inapoungana na giaboksi yalibaki karibu yale yale. Hata ukoo mpya wa injini za LS, ulioanza na Corvette ya 1997 na ambao ndani yake karibu kila kitu kimebadilika, bado unafunga giaboksi za zamani kwa bolti nyingi za mpangilio ule ule. Fundi wa leo anachukua LS kutoka kwenye pikapu iliyopata ajali, anaiweka kwenye Camaro ya 1969, na sehemu kubwa ya kazi ni vibati vya kushikilia injini, mabomba na nyaya. Ndani badilisha upendavyo, lakini pale watu wengine wanapojishika usipaguse. Nimefanya kazi na maktaba za programu ambazo hazikuweza kuheshimu jambo hilo kwa miezi sita.

Kuna watu wanaodharau maonyesho ya magari haya. Wanasema yamekuwa mashindano ya rangi na pesa, na kwamba magari mengi huletwa yakiwa yamebebwa juu ya trela kwa sababu mwenyewe anaogopa kokoto moja ya barabarani. Nusu ya lawama hiyo naikubali. Gari ambalo haliendeshwi kwangu ni kama programu iliyoandikwa kwa ajili ya picha za skrini. Lakini tazameni lilikoanzia jambo lenyewe. Maonyesho makubwa ya hotirodi yalianza Oakland mwaka 1950, na kombe la kwanza la hotirodi nzuri kuliko zote Marekani alilipata Bill NieKamp kwa Ford yake ya 1929. Miaka miwili baadaye gari hilo hilo lilipimwa kwenye ziwa kavu la El Mirage likapita maili 140 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 225. Uzuri na mwendo havikuwa vyama viwili.

Na maonyesho yana kazi ambayo wakosoaji hawaioni. Boneti huwa wazi. Baadhi huweka vioo chini ya gari ili uone chesisi bila kulala sakafuni. Mbele kuna kibao: injini gani, giaboksi ya gari gani, kabureta ngapi, nani alichomelea, nani alipaka rangi. Hiyo ni faili ya "nisome kwanza", pamoja na majina ya waliochangia. Mtu anasimama, anasoma, anauliza mwenyewe alivyopitisha bomba la moshi pembeni mwa usukani, anarudi nyumbani akiwa na jibu. Kujionyesha ni kweli, lakini ni kujionyesha kwa mtu aliyefungua msimbo wake.

Tatizo lilianza kunukia tarakilishi zilipoingia chini ya boneti. Mwaka 1985 Chevrolet iliuza Corvette na Camaro zenye injekta kwa kila silinda, zikiongozwa na tarakilishi, na mafundi wengi wa kabureta walisema mambo yamekwisha. Hayakwisha. Vijana waligundua kwamba maamuzi yote ya injini, cheche iwake mapema kiasi gani na petroli iingie kiasi gani, yamo kwenye majedwali ya namba ndani ya chipu moja. Mzunguko wa injini upande mmoja, mzigo upande wa pili, jibu katikati. Chipu ile ilichomoka, ikafutwa kwa mwanga wa urujuanimno, ikaandikwa upya. Mwaka 2001 Bruce Bowling na Al Grippo walitoa MegaSquirt, tarakilishi ya injini unayoichomelea mwenyewe mezani, na baadaye ikaja Speeduino, inayotumia bodi ya Arduino na ambayo msimbo wake wote uko wazi. Hotirodi zikapata wanaprogramu wake.

Lakini kufuli la leo si la namna ile. Tarakilishi ya injini ya kisasa hukagua saini ya kidijitali kabla ya kukubali programu. Chuma unaweza kukipiga tupa, kukikata na kukichomelea. Saini huwezi kuipiga tupa.

Nisiwafiche hoja ya upande wa pili, maana ni nzito. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye Jeep iliyokuwa ikiendeshwa barabarani, wao wakiwa mbali, kupitia mtandao wa simu, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Baada ya hapo Fiat Chrysler iliweka mlango wa ulinzi kwenye magari yake kuanzia matoleo ya 2018, na fundi asiye na kibali hawezi hata kufuta baadhi ya hitilafu. Pia kuna moshi: sheria ya hewa safi ya Marekani haikuwekwa bure, na mtu anayefuta mipangilio ya kupunguza moshi anawapulizia sumu majirani zake. Nakubali yote mawili. Nisichokubali ni kwamba dawa yake ni kumnyima mwenye gari ufunguo. Mgeni wa kwenye mtandao na mwenye gari aliyeketi ndani yake, waya mkononi, si mtu mmoja. Kuhusu moshi, California ina utaratibu wa miaka mingi: kipuri kikipimwa na kuthibitika hakiongezi uchafu, kinapewa namba ya kibali na unakifunga kihalali. Uhuru na ukaguzi vinaishi nyumba moja huko.

Oktoba 2015 Marekani ilitoa ruhusa kwa mwenye gari kuvunja kufuli la programu ya gari lake ili alitengeneze au kulibadilisha, ilimradi asivunje sheria nyingine. Ruhusa hiyo lazima iombwe upya kila miaka mitatu, na haimruhusu mtu kuuza kifaa cha kuvunjia. Yaani una haki ya kufungua bolti, lakini spana ni marufuku dukani.

Hapa Kenya hatuna magari ya misuli ya kuhesabika. Usukani wa kushoto hausajiliwi isipokuwa kwa kazi maalumu, na mtumba unaoingia hautakiwi kuzidi miaka 8. Lakini msidhani hii ni hadithi ya watu wengine. Fundi wa jua kali anayenunua injini Kirinyaga Road na kuihamishia kwenye Toyota nyingine atakwambia bolti si shida tena. Shida ni tarakilishi inayokataa kuwasha kwa sababu haiutambui ufunguo. Hana waraka wala sheria inayomsemea, na sijamsikia mbunge yeyote akiuliza.

Mwaka 2021 Ford, wale wale wa 1932, ilianza kuuza mota ya umeme iitwayo Eluminator kwa ajili ya kuwekwa kwenye magari ya zamani: nguvu za farasi 281, dola 3,900, na shehena ya kwanza ikaisha upesi. Ndani ya kreti kulikuwa na mota. Inveta, kile kifaa chenye programu inayoiambia mota izunguke vipi, hakikuwamo, wala betri. Wanaohamisha mota za Tesla na Nissan Leaf zilizopata ajali wamekwisha kukutana na pengo hilo hilo, na wengine wanang'oa bodi ya kiwanda ndani ya inveta na kuweka yao, yenye msimbo ulio wazi. Duntov angewapelekea vipuri.