Bistro na Watoto: Menyu Isomwe Kwanza
Mzazi anayeipeleka familia kwenye bistro ya hadhi jijini Paris asione aibu kusimama nje na kusoma menyu. Sheria ya Ufaransa inataka bei zionekane kabla mteja hajaingia. Bei hizo zimeshajumlisha huduma, hivyo bakshishi si lazima, na maji ya bomba ni bure akiyaomba.

La kuangalia zaidi ni nyama. “Steak tartare” ni nyama ya ng’ombe iliyokatwakatwa, mbichi kabisa, mara nyingi na kiini cha yai bichi. “Saignant” bado ni nyekundu ndani. Ya mtoto iagizwe “bien cuit”, iliyoiva vizuri, kwani bakteria wa nyama mbichi wanaweza kudhuru figo za mtoto mdogo. Kuuliza si ushamba.