LIKIZO ZA MUME NA MKE WA LIKONI

Watu wengi wenye kazi za mshahara hupewa likizo wasijue la kuifanyia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za mapumziko yenye malipo kwa kila miezi 12 aliyotumika, na siku hizo kwa wengi huishia barazani, au kwenye foleni ya daktari, au katika kumaliza choo kilichoanzwa kujengwa mwaka uliopita. Hayo si mabaya, kwani choo nacho ni lazima. Lakini wako wachache wanaoingojea likizo kama mkulima angojeavyo mvua, shamba likiwa limekwisha kulimwa. Miongoni mwao ni mume na mke wakaao Shika Adabu, upande wa Likoni, ambao majina yao hayana haja kutajwa hapa.

Bwana ni karani katika kampuni ya kupokea shehena bandarini. Bibi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa hiyo likizo yake haiombwi wala haikataliwi: huja Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na bwana hana budi kuifuata. Nyumbani mwao lipo daftari la kurasa 96 lililoandikwa nauli, saa za kuondoka, bei ya vyumba, na hata ndizi zilizonunuliwa njiani. Mtu akilisoma daftari hilo atajua kwamba safari ya watu wenye mshahara mdogo haifanywi kwa fedha nyingi. Hufanywa kwa fedha chache zilizohesabiwa mapema, na kila mwezi sehemu yake hutengwa kabla ya sukari kununuliwa.

Ukurasa wa kwanza ni wa Desemba 2017. Katika mwaka huo, mwezi wa Juni, gari la moshi jipya la Mombasa na Nairobi lilikuwa limeanza kuchukua abiria (na watu wangali wakiliita gari la moshi). Njia yake ni ya kilometa zipatazo 470, nayo treni ya haraka huimaliza kwa muda wa saa tano hivi, hali treni za zamani zilichukua usiku kucha. Walimwona tembo mwekundu kwa vumbi la Tsavo akipita chini ya reli, katika mojawapo ya njia zilizoachwa makusudi kwa ajili ya wanyama. Lakini hofu yao yote ya siku ile haikuwa juu ya kilometa hizo 470. Ilikuwa juu ya maji ya Likoni, ambayo upana wake ni kama nusu kilometa tu. Waliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, wakapanga foleni ya feri, wakavuka, wakajibana katika matatu nyuma ya malori ya Changamwe, wakafika Miritini jasho likiwatoka. Mtu wa Likoni huweza kuchoka kabla hajaanza safari. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024 na inayopita juu ya maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza, imewaondolea watu wa kusini sehemu kubwa ya taabu hiyo, kwa kuwa sasa waweza kufika Miritini bila kugusa feri wala kisiwa.

Mwaka uliofuata walikwenda Uganda kwa basi, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000, mpaka Jinja, mahali Mto Naili utokapo ziwani. Walivuka mpaka Malaba kwa vitambulisho vyao vya nchi, kwa mapatano ambayo Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuyatumia mwaka 2014. Kabla ya kuondoka walikuwa wamechanjwa homa ya manjano, jambo ambalo bwana alililalamikia sana kwa sababu ya sindano, na ambalo, kama itakavyoonekana, limekuja kumfaa.

Kisha daftari lina kurasa tupu. Mwaka 2019 mama yake bibi alifariki, na fedha ya safari ikaenda katika mazishi na matanga, kama ilivyostahili. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Tangu tarehe 8 Aprili hadi mwanzo wa Julai haikuruhusiwa kuingia wala kutoka katika kaunti ya Mombasa, na kwa kuwa Likoni ni Mombasa na Ng'ombeni ni Kwale, mtu wa Shika Adabu hakuweza kwenda hata kuchuma maembe kwa shemeji yake wa Tiwi. Bwana aliutumia wakati ule kusoma ramani.

Safari ya Kisumu waliifanya mwaka 2022, kwa njia ya reli ya zamani, ambayo treni yake ya abiria kutoka Nairobi ilikuwa imerudishwa Desemba 2021 baada ya kukoma kwa miaka mingi. Ni reli ile ile iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901. Yasemekana humo garini bwana hakulala kabisa, alikuwa dirishani akitafuta majina ya stesheni gizani, na bibi alilala vizuri.

Sasa wanatazamia likizo ya Agosti, na hapa ndipo mashauri yalipokuwa magumu.

Shauri la bwana lilikuwa Kigoma. Alikuwa amelichora lote: kushuka Tanzania kwa basi, kufika Dar es Salaam, kupanda ile treni ya umeme ambayo mwezi wa Julai 2024 ilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma, kisha kuendelea kwa reli ya kati ya zamani, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Kutoka bahari mpaka ziwa ni zaidi ya kilometa 1,200. Alitaka kuliona Ziwa Tanganyika, na Ujiji mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na bandari ya ile meli Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924. Mtu aliyeshinda maisha yake yote kati ya makasha ya bandari hawezi kulaumiwa kwa kuitamani habari kama hiyo.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jina moja tu: Moa.

Moa ni kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga, kusini kidogo ya mpaka. Yuko huko mama mdogo wa bibi, yaani ndugu mdogo wa marehemu mama yake, aliyeolewa na mvuvi wa huko mwaka 1974. Kwa Wadigo ndoa hiyo haikuwa ya nchi za mbali hata kidogo. Wadigo wako Kwale, na wako Tanga, na walikuwako huko kabla Waingereza na Wajerumani hawajapatana mwaka 1886 kugawana nchi kwa mstari uliokatwa kutoka mlango wa Mto Umba kwenda bara. Hata baada ya mstari huo watu waliendelea kuoana na kuzikana, na hadi mwaka 1966 walikuwa wakitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Jambo lililowatenga lilikuja baadaye. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ukakaa umefungwa hadi mwaka 1983. Bibi arusi wa Moa alikuwa na miaka mitatu tu ya ndoa. Mpaka ulipofunguliwa alikuwa na watoto, mashua ya mumewe ilikuwa na deni, na desturi ya kuja Likoni kila Idi ilikuwa imekufa. Alikuja mara mbili, wakati bibi akali mtoto wa shule. Mwaka 2019 dada yake alipozikwa, hakuweza kufika: miguu ilikuwa imemchoka, na hati ya kusafiria hakuwa nayo.

Siku hizi huongea kwa simu. Bibi asema sauti ya mama mdogo katika simu ni sauti ya marehemu mama yake, na kwamba mara ya kwanza alipoisikia baada ya matanga ilimbidi aketi chini.

"Moa hapahami," bwana alisema. "Twaweza kwenda siku yoyote, tukatoka Ijumaa tukarudi Jumapili. Kigoma yataka likizo nzima."

"Ndivyo ulivyosema mwaka 2017, Bwana," bibi alijibu. "Moa hapahami, lakini mama mdogo atahama."

Bwana hakuwa na la kujibu, na kwa sifa yake yafaa isemwe kwamba hakulitafuta. Alilifungua daftari, akapiga hesabu ambayo hakuwahi kuipiga. Kutoka Likoni kwenda Tanga mjini hazipati kilometa 200. Walikwishasafiri maelfu ya kilometa kwenda magharibi, kwa sababu reli iliwaelekeza huko, na hawakuwahi kwenda kusini kupita Msambweni. Kosa kama hili ni la wasafiri wengi: mahali pa karibu huahirishwa kwa sababu hiyo hiyo ya ukaribu wake.

Basi mpango ukapangwa upya, na wasomaji wenye jamaa ng'ambo ya mpaka huenda wakafaidika nao. Kwanza, vitambulisho vilivyowavusha Malaba havikubaliki namna hiyo katika mpaka wa Tanzania. Msafiri atahitaji pasi au hati ya muda ya kusafiria. Wao wameamua kuomba pasi za Afrika Mashariki, ambazo Kenya ilianza kuzitoa mwaka 2017, nao wameziomba miezi mitatu mapema. Pili, cheti cha chanjo ya homa ya manjano huwa halali siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hutumika maisha yote ya mtu. Kwa hiyo vyeti vyao vya safari ya Jinja vingali vyafaa, na bwana amesamehe sindano ile. Tatu, shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania zina jina moja bila ya kuwa na thamani moja, na mtu ajifunze hesabu yake nyumbani, asiifunzwe na mbadili fedha wa njiani.

Ndugu mmoja aliwaambia kwamba kutoka Vanga mtu aweza kuvushwa kwa mashua mpaka karibu na mlango wa mama mdogo, bila pasi wala foleni. Bibi alikataa. Njia za panya humvusha mtu upesi siku ya kwenda, lakini siku ya kurudi, akikutwa pasi yake haina muhuri, huwa hana neno. Watapanda matatu ya Lunga Lunga asubuhi, wapite Ukunda na Ramisi, wagongewe mihuri Horohoro, kisha waingie Moa mchana kama wageni wa heshima. Agosti ni mwezi mwema kwa hayo, kwa kuwa masika imekwisha na njia za vijijini zimekauka.

Fedha ya Moa imetengwa peke yake katika bahasha, na haiguswi kwa ajili ya kitu kingine. Itakayosalia ndiyo itakayowapeleka Dar es Salaam kwa basi, kwa njia ya Segera na Chalinze, na kutoka huko bwana atapanda treni yake ya umeme mpaka Dodoma, akaione, arudi. Ukurasa wa Kigoma haukuchanwa. Umeandikwa kwa penseli, mwaka ukiachwa wazi.

Mama mdogo alipoulizwa aletewe nini, alitaja haluwa ya Mombasa na picha ya dada yake, iwe kubwa, kwa maana macho hayaoni vizuri. Picha imekwisha kusafishwa katika duka moja la mjini na kutiwa fremu. Lililobaki kuamuliwa ni siku za kukaa Moa tu. Bwana ameandika siku 3. Bibi amezifuta kwa raba na kuandika 6, na daftari liko juu ya kabati, nalo halijafunguliwa tena tangu Jumapili.