Msimwite Thabeet galasa, muulizeni nani alimchelewesha

HAPA Sikonge kuna kijana mmoja, jina lake nalihifadhi. Ana miaka 19 na kila mlango wa mji huu lazima ainame kuupita. Alipokuwa shuleni urefu huo ulimpatia kazi mbili: kufuta ubao sehemu ya juu na kutoa utando wa buibui darini. Mwalimu akampanga golini, mpira ukapita katikati ya miguu, darasa zima likacheka, akaacha michezo. Leo ukimtaka msimu wa tumbaku utampata ghalani. Anapanga mitumba safu ya juu kabisa, pale wenzake wasipofika. Watu humtania, "Wewe ungekuwa Hasheem Thabeet!" Naye huwarudishia swali ambalo sijamsikia mkubwa yeyote akilijibu: "Ningeanzia wapi?"

Tulichukue swali hilo tuwapelekee wenye nchi, maana wao jina la Thabeet wanalijua sana. Juni 2009, klabu za NBA zilipokaa kuchagua wachezaji wapya, Mtanzania huyu mwenye mita 2.21 aliitwa wa pili na Memphis Grizzlies. Wa pili! Aliyemtangulia alikuwa Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu, na Stephen Curry, ambaye vijana wa mjini mnavaa jezi yake, alisubiri mpaka namba saba. Bongo ikashangilia. Vigogo ambao hawakujua mpira wa kikapu unachezwa na watu wangapi wakawa wanatamka "kijana wetu".

Kijana wenu tangu lini?

Hasheem aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi. Alisoma Makongo, Dar es Salaam, shule ya jeshi chini ya Kanali Idd Kipingu, mojawapo ya shule chache sana zilizoona michezo ni kazi na si utoro. Kutoka hapo akavuka kwenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Miaka mitatu tu pale, akawa mchezaji bora wa ulinzi wa vyuo vya Marekani 2008 na tena 2009, na timu yake ikafika nne bora. Kilichomfikisha hapo ni mwili wake, jasho lake na walimu wa watu wengine.

Halafu mambo yakaharibika. Februari 2010, hata msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis wakamshusha ligi ndogo kwenda Dakota Wizards. Mchezaji wa namba ya juu namna ile hakuwahi kushushwa kabla yake. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston Rockets, 2012 Portland, kisha Oklahoma City hadi 2014, na mlango wa NBA ukafungwa. Baadaye akaonekana Japani 2017 na Taiwani kuanzia 2020. Magazeti ya Marekani yakamwandika kuwa hasara, na vijiwe vyetu vya kahawa vikatafsiri kwa neno moja: galasa.

Mimi nakataa. Si kwamba nadai alicheza vizuri NBA, la hasha. Pointi zake zilikuwa kama mbili kwa mchezo na hesabu haibishani. Nakataa kwa sababu mnamhukumu kwa miaka aliyokuwa uwanjani na mnaisahau ile ambayo hakuwa na uwanja. Curry ni mtoto wa Dell Curry, naye mchezaji wa NBA. Alizaliwa mpira uko sebuleni. Hasheem aliingia mashindano yale yale akiwa na miaka saba au minane ya kuujua mchezo. Miguu kukaa mahali pake, mikono kupokea pasi bila kuitazama, hayo hayanunuliwi kwa dola ukubwani.

Najua mjuaji mmoja atadakia hapa: mbona Hakeem Olajuwon wa Nijeria naye alianza na miaka 15, na mwaka 1984 akachaguliwa wa kwanza, akawa bingwa mara mbili? Hoja nzuri, na inatuumbua zaidi. Olajuwon kabla ya kikapu alicheza mpira wa mikono na alidaka soka kule Lagos. Alikuja kwenye kikapu na miguu iliyokwisha kufundwa na michezo mingine. Sisi je? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, miaka ile ile Hasheem akiwa kijana wa shule, Serikali ya CCM ilisimamisha mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ati yanawapotezea watoto muda wa masomo! Yamerudishwa baadaye, sawa. Lakini kizazi kizima kilichopita pale katikati nani atakirudisha?

Na viwanja? Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, CCM kiliendelea kukalia viwanja vilivyojengwa enzi za chama kimoja, wakati kila mwananchi alikuwa akichangishwa bila kuulizwa itikadi yake, maana hapakuwa na nyingine. Kirumba kule Mwanza ni mali ya CCM. Sokoine Mbeya ni mali ya CCM. Hapa kwetu mkoani, uwanja wa Ali Hassan Mwinyi pale Tabora mjini ni mali ya CCM. Chama cha siasa chenye viwanja vingi kuliko klabu zote za nchi, halafu tunaambiwa michezo isichanganywe na siasa.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Wilaya ya Sikonge peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 27,000. Rwanda nzima ina 26,338. Wilaya yetu moja, yenye misitu, asali na tumbaku, ni kubwa kuliko nchi ile. Rwanda mwaka 2019 ikafungua ukumbi wa Kigali wenye viti 10,000. Ligi ya Kikapu ya Afrika ilipoanza mwaka 2021 ilianzia humo humo, na Patriots ya Kigali ikafika nusu fainali. Timu ya Tanzania haikuwamo hata kwa dawa. Hapa Sikonge usiniulize habari ya ukumbi. Nionyeshe kwanza kiwanja chenye paa ambapo kijana anaweza kurusha mpira masika mvua ikinyesha.

Fedha hakuna? Mwaka 2023 Ikulu ilikuwa ikitoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na dau likapanda kadiri mashindano yalivyokwenda. Mimi ni mshabiki kama ninyi, nilishangilia. Lakini goli moja tu lingenunulia shule ya sekondari ringi mbili na mipira. Na wakulima wetu wanakatwa ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa zao la biashara kama tumbaku. Katika ushuru huo mtoto wa mkulima anayecheza pekupeku anapata nini?

Babu zetu wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo kwa miguu. Kazi ngumu, lakini walikwenda kwa msafara, wana kirangozi wa mbele, na ujira wa vitambaa ulijulikana kabla ya kuinua mzigo. Kijana mrefu wa leo akitaka kufuata njia ya Hasheem anakwenda peke yake, mkononi mwa wakala asiyemjua, pasi imeshikwa na mtu mwingine. Akifaulu ataitwa Ikulu kunywa chai. Akishindwa ni galasa.

Kwa hiyo mheshimiwa mbunge wetu na madiwani wako, tunataka vitu vitatu kwenye bajeti ijayo ya halmashauri, viandikwe kwa tarakimu: kiwanja cha zege chenye ringi hapa mjini, mwalimu wa michezo aliyesomea kazi hiyo katika kila sekondari, na nauli ya timu ya wilaya kwenda UMISSETA. Na CCM mkoa watuambie ni lini uwanja wa Ali Hassan Mwinyi utarudi kwa wananchi. Yule kijana wa ghalani bado ana miaka 19. Tunasubiri jibu, na tafadhali lisiwe semina.